Sherehe ya Msimbo: Juu ya Maandishi ya Kazi Baina ya Watunga Programu

Imezoeleka kudhaniwa kwamba programu ya kompyuta ni maandishi yaelekezwayo kwa mashine, na kwa hiyo si jambo la mwanaisimu. Dhana hiyo ina ukweli wa nusu tu. Mtunga programu aandikapo huwa na wasomaji wawili. Wa kwanza ni mashine, isomayo herufi kwa herufi na isiyosamehe hata nukta moja iliyoachwa. Wa pili ni mtunga programu mwenziwe, ambaye kesho, au baada ya miaka kumi, atalazimika kuyasoma maandishi yale yale ili ayarekebishe, au akate kipande chake na kukitia katika kazi nyingine kabisa. Msomaji wa kwanza huandikiwa amri. Wa pili huandikiwa maelezo: hiki ni nini, kwa nini kimefanywa hivi, kipi kisiguswe.

Makala haya yanahusu maandishi ya aina hii ya pili. Yanakusudia kuonyesha kwamba kipande cha programu anachopewa mtu bila maelezo hakijatolewa kwa ukamilifu, hata kama kinafanya kazi bila dosari. Na kwamba katika lugha yenye ngeli, kama Kiswahili, upungufu huo hauishii kwenye adabu ya kazi bali huingia ndani ya sarufi yenyewe.

Istilahi

Neno msimbo limekwisha kukubalika kwa maana ya amri ziandikwazo katika lugha ya programu kabla hazijageuzwa kuwa tarakimu za mashine. Kipande cha msimbo ni sehemu ndogo ya amri hizo, pengine mistari mitatu, pengine hamsini, inayofanya kazi moja iwezayo kuelezwa kwa sentensi moja: kupanga majina kwa alfabeti, kwa mfano, au kugeuza tarehe kutoka utaratibu mmoja hadi mwingine. Vipande vya namna hii ndivyo watunga programu wapeanavyo kila siku, kama mafundi seremala wanavyoazimana vipimo.

Ugumu uko kwenye yale maelezo. Kuyaita "maoni", kama ifanywavyo aghalabu kwa kufuata Kiingereza neno kwa neno, ni kupotosha. Maoni ni rai ya mtu juu ya jambo. Mtunga programu aelezaye kwamba namba fulani ni urefu wa ukurasa kwa sentimita hatoi rai yoyote. Kiswahili kina neno la zamani linalofaa zaidi, nalo ni sherehe: si sherehe ya ngoma na karamu, bali sherehe kwa maana ya ufafanuzi wa maneno magumu, ambayo msomaji wa diwani huikuta katika kurasa za mwisho. Sherehe haiongezi beti katika utenzi wala haipunguzi. Utenzi unaweza kuimbwa bila ya hiyo. Lakini mwenye kuupokea kutoka mji mwingine au zama nyingine, asipopata sherehe, amepokea sauti tu. Wataalamu wa ushairi wa pwani wanalijua hili vizuri kwa mfano wa Muyaka: tungo zake zilipokusanywa Mombasa katika karne ya 19 na W. E. Taylor, kwa msaada wa Mwalimu Sikujua na wenyeji wengine, thamani ya kazi ile haikuwa katika beti peke yake, bali pia katika maelezo ya nani aliambiwa nini na kwa tukio gani.

Kila lugha ya programu ina alama ya kuitenga sherehe na amri. Katika FORTRAN, iliyotolewa mwaka 1957, ilikuwa herufi C katika safu ya kwanza ya kadi. Katika lugha iitwayo C ni mkwaju na kinyota. Mashine ikikuta alama hiyo huruka yaliyomo, isiyasome wala isiyahukumu. Hapo pana jambo la kuzingatiwa sana. Kosa katika amri hugunduliwa mapema au baadaye, kwa kuwa programu itakwama au itatoa jibu la uongo. Kosa katika sherehe halikamatwi na chombo chochote. Amri zikibadilishwa na sherehe ikaachwa kama ilivyokuwa, maandishi yatakuwa na ndimi mbili, na mgeni hana njia ya kujua ni upi usemao kweli. Ndiyo sababu Kernighan na Plauger, katika kitabu chao cha mwaka 1974 juu ya mtindo wa kuandika programu, walisisitiza kwamba sherehe ni lazima iafikiane na msimbo, na kwamba isiwe mwangwi tu wa yale ambayo msimbo wenyewe umekwisha kuyasema. Kuandika "ongeza moja" kando ya amri ya kuongeza moja ni kujaza karatasi. Kinachotakiwa ni kusema kwa nini iongezwe moja.

Kabati la Cambridge

Desturi ya kupeana vipande vya msimbo ni kongwe karibu sawa na kompyuta zenyewe. Katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, mashine iliyoitwa EDSAC ilianza kufanya kazi mwezi Mei mwaka 1949. Programu zilitobolewa katika utepe wa karatasi. Ilidhihirika upesi kwamba kila mtafiti alikuwa akiandika upya mambo yale yale ambayo mwenziwe amekwisha kuyaandika: kutafuta kipeo cha pili, kuchapa namba, kugawanya. Kwa hiyo zikakusanywa programu ndogo, kila moja katika utepe wake, zikawekwa kabatini. Aliyehitaji mojawapo aliinakili kwa mashine ndani ya utepe wake mwenyewe. Kufikia mwaka 1951 zilikuwa 87. Mwaka huo huo Wilkes, Wheeler na Gill walitoa kitabu cha kwanza juu ya utayarishaji wa programu, na sehemu kubwa ya kitabu hicho ni hesabu ya kabati lile.

David Wheeler, ambaye ndiye aliyebuni njia ya kuiita programu ndogo na kurudi ilikotokea, alitoa mwaka 1952 taarifa fupi juu ya kazi hiyo. Alieleza kwamba kuandika programu ndogo ya kuwekwa maktabani ni kazi kubwa kuliko kuiandika kwa matumizi ya mtu mwenyewe. Kisha akaongeza jambo ambalo lingetarajiwa zaidi kutoka kwa mwanaleksikografia: baada ya kuitunga na kuijaribu, bado inabaki kazi ya kuandika maelezo yatakayomwezesha asiyejua yaliyomo ndani aitumie kwa urahisi, na huenda kazi hiyo ya mwisho ndiyo ngumu kupita zote.

Yafaa ikumbukwe kwamba msemaji alikuwa mmojawapo wa watu wachache kabisa duniani waliokuwa na uzoefu wa jambo hilo wakati ule, na kwamba mashine aliyoizungumzia ilikuwa na nafasi ndogo mno ya kumbukumbu. Ingalitarajiwa aseme kwamba ugumu uko katika hesabu, au katika kuzibana amri ziingie. Yeye aliuona ugumu katika nathari.

Miaka michache baadaye desturi hii ilivuka mipaka ya chuo kimoja. Mwaka 1955 wenye kutumia mashine kubwa za IBM huko Marekani waliunda chama kilichoitwa SHARE, yaani kushirikiana, ili makampuni yaliyokuwa yakishindana sokoni yapeane programu ambazo kila moja ingelazimika kuzitunga peke yake. Tangu hapo kupeana msimbo kukawa ni jambo lenye kanuni.

Maandishi yasiyokamilika

Si sherehe zote zinazokaa ndani ya msimbo. Zipo zinazotangulia, nazo ni maandishi ya kazi: mapendekezo, maswali, hesabu za majaribio yaliyoshindikana. Mfano mashuhuri ni ule wa mtandao wa ARPA, mama wa intaneti ya leo. Mwezi Aprili mwaka 1969 kikundi cha wanafunzi wa vyuo vikuu vya Marekani, kikiongozwa na Steve Crocker wa Los Angeles, kilianza kuandikiana juu ya jinsi kompyuta za vyuo mbalimbali zitakavyozungumza. Hapakuwa na mkubwa aliyewapa mamlaka ya kuamua. Crocker alichelea kwamba maandishi yao yangeonekana kuwa ni amri za vijana kwa wakubwa wao, akayapa jina la unyenyekevu: Ombi la Maoni. Hapa neno maoni lipo mahali pake.

Andiko la tatu katika mfululizo huo, la mwezi ule ule, liliweka kanuni za uandishi, nazo ni za ajabu kwa mtu aliyelelewa katika desturi za majarida ya kitaaluma. Andiko lisiposafishwa si kitu, muradi litoke kwa wakati. Rai bila mifano yakubalika; pendekezo bila utangulizi lakubalika; swali bila jibu lakubalika. Urefu wa chini kabisa ni sentensi moja. Sababu zilizotolewa ni mbili: kwamba watu wana mazoea ya kuliona kila lililoandikwa kuwa ni kauli ya mwisho, na kwamba mtu husita kutoa kile ambacho hakijakamilika. Kanuni zilikusudiwa kuvunja yote mawili. Mfululizo huo haujakatika. Andiko la 9,000 lilitoka mwaka 2021, ingawa baada ya miaka hiyo yote mengi ya maandishi yake yamekuwa rasmi kiasi cha kutofanana tena na nia ya mwanzo. Jina la unyenyekevu limebaki juu ya jalada la sheria.

Sherehe ya Lions

Kisa kinachoonyesha vizuri zaidi nguvu ya sherehe, na hofu inayoweza kuletwa nayo, ni cha mwalimu mmoja wa Australia. John Lions alikuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha New South Wales, Sydney. Mwaka 1975 maabara ya Bell ya Marekani ilitoa toleo la sita la UNIX, mfumo endeshi, yaani programu kuu isimamiayo kazi zote za kompyuta. Vyuo vikuu viliupata pamoja na msimbo wake kwa malipo madogo. Lions aliona jambo ambalo wengi hawakuliona: kiini cha mfumo huo kilikuwa na mistari takriban 9,000 tu, kiasi ambacho mwanafunzi mmoja mwenye bidii angeweza kukisoma chote.

Mnamo mwaka 1976 na 1977 alitayarisha vijitabu viwili kwa ajili ya wanafunzi wake. Cha kwanza kilikuwa msimbo wenyewe, umepangwa upya kwa utaratibu wa kusomeka, kila mstari ukiwa na namba yake. Cha pili kilikuwa sherehe, iliyofuata namba hizo sura kwa sura. Mwenye kufundisha maandiko ya kale atautambua utaratibu huo mara moja: matini upande huu, ufafanuzi upande ule, na namba za mistari zikiwa daraja. Lions hakuandika programu mpya. Aliisoma ya watu wengine kwa makini, akaandika alichokielewa, na pale penye walakini akasema.

Mwaka 1979 lilipotoka toleo la saba, leseni yake ilikataza msimbo usitumiwe katika mafunzo ya darasani. Kitabu cha Lions, ambacho kilikuwa kimekwisha kuenea, hakikuweza tena kuchapishwa wala kufundishwa hadharani. Kilichofuata ni sura ya ajabu katika historia ya uandishi wa kitaalamu. Kwa muda wa karibu miaka 20 watunga programu wa Marekani, Ulaya na Australia walikipokezana kwa fotokopi, na fotokopi za fotokopi, nyingine zimefifia hata tarakimu hazisomeki. Chapa halali ilitoka mwaka 1996 tu, miaka miwili kabla ya Lions kufariki. Katazo lile lilikuwa na matokeo mengine. Andrew Tanenbaum, mwalimu wa chuo kimoja cha Amsterdam, alipokosa mfumo wa kuwafundishia wanafunzi wake, alitunga wake mwenyewe, MINIX, akautoa mwaka 1987 pamoja na kitabu cha kuufafanua. Na ni kwa kuutumia huo ndipo mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, alipoanza mwaka 1991 kutunga Linux, ambayo leo huendesha sehemu kubwa ya mashine za mtandao na, kwa njia ya Android, simu nyingi zilizomo mifukoni mwa watu wa Afrika ya Mashariki.

Ndani ya msimbo ule wa toleo la sita, kwenye mstari wa 2238 katika hesabu ya Lions, kuna sherehe moja iliyozua mjadala mrefu kuliko sentensi yoyote ya namna yake. Inasema kwamba msomaji hatarajiwi kuelewa haya. Wengi waliichukua kuwa ni kiburi cha mabingwa kwa wanagenzi, wakaichapa hata kwenye fulana. Dennis Ritchie, mmoja wa waundaji wa UNIX, alieleza baadaye kwamba haikuwa dharau. Nia ilikuwa kama ile ya mwalimu aambiaye darasa kwamba jambo fulani halitaulizwa mtihanini. Akakiri, kwa uungwana usio wa kawaida, kwamba shida hasa ni kuwa wao wenyewe hawakuelewa kilichokuwa kikitokea pale: utaratibu ule wa kubadilishana kazi ulikuwa na kasoro ya msingi, na baadaye uliondolewa.

Mwanapragmatiki ana mengi ya kusema juu ya sentensi hiyo. Imo katika kauli ya kutendwa bila mtenda, hivyo haijulikani ni nani asiyetarajia. Tena, nafsi ya pili ya Kiingereza haitofautishi mmoja na wengi. Kiswahili kingemlazimisha mwandishi achague. "Hutarajiwi kuelewa haya" ni kumkabili mtu mmoja usoni, na huwa na ukali; "hamtarajiwi kuelewa haya" ni sauti ya mwalimu mbele ya darasa, na ndiyo iliyokusudiwa ikiwa maelezo ya Ritchie yatakubaliwa. Ugomvi wa miaka mingi ungalimalizwa na kiambishi kimoja.

Namba isiyo na mwenyewe

Kinyume cha kisa cha Lions ni kile cha msimbo uliosafiri bila sherehe. Mwaka 1999 kampuni ya id Software ilitoa mchezo wa kompyuta uitwao Quake III Arena, na mwaka 2005 ikautoa msimbo wake hadharani. Mchezo wa namna hii huhitaji kuhesabu jinsi mwanga unavyoangukia kuta na miili, na hesabu hiyo hudai, mara mamilioni kwa sekunde, kugawanya moja kwa kipeo cha pili cha namba. Mashine za wakati ule zilikuwa nzito katika hesabu hiyo. Ndani ya msimbo palikuwa na kipande cha mistari michache kilichoifanya kwa njia ya mkato: kilizichukua biti za namba yenye desimali kana kwamba ni namba kamili, kikazisogeza hatua moja, kikazitoa katika namba 1,597,463,007, kisha kikasahihisha jibu mara moja kwa kanuni ya Newton. Jibu hupotoka kwa chini ya sehemu mbili katika elfu.

Namba ile imetoka wapi? Msimbo hausemi. Sherehe zilizomo ni chache: moja yataja uchezeaji wa biti kwa lugha ya uchawi, nyingine ni tusi la mshangao kando ya namba yenyewe, nyingine yasema kwamba usahihisho wa pili waweza kuondolewa. Aliyeandika tusi lile hakuwa akifafanua. Alikuwa msomaji kama wengine, amekutana na jambo lililomshinda, na mshangao wake ukahifadhiwa ndani ya matini kama vile mnakili wa zamani aandikavyo pambizoni kwamba neno hili halisomeki.

Kwa muda wengi waliamini kwamba mtungaji ni John Carmack, bingwa wa kampuni ile, lakini yeye alikana. Uchunguzi ulifuata nyayo kutoka mtu hadi mtu, kampuni hadi kampuni, hadi kwa Greg Walsh, aliyeitunga namna ile mwishoni mwa miaka ya 1980 alipokuwa Ardent Computer, akiwa amepata wazo kutoka kwa Cleve Moler, naye Moler akiwa amelipata katika msimbo wa William Kahan na K. C. Ng wa Berkeley. Mwanahisabati Chris Lomont aliichambua namba hiyo mwaka 2003 akaonyesha kwamba ipo nyingine inayoizidi kwa usahihi kidogo. Kwa hiyo kazi ya miaka kadhaa ilifanywa na watu kadhaa ili kurudisha kile ambacho mistari miwili ya sherehe ingalikihifadhi.

Hayo ni mambo ya kuhakiki matini, na wanafilolojia wangeyakuta si mageni. Mwaka 2010 mtunga programu mmoja alitoa hadharani kipande kidogo katika lugha ya Java cha kuandika ukubwa wa faili kwa vipimo visomekavyo na watu. Kilinakiliwa katika maelfu ya programu. Mwaka 2019 mwenyewe alitangaza kwamba kina kosa katika namba zilizo mpakani mwa kipimo kimoja na kingine, akatoa sahihisho. Lakini nakala zilizokwisha kusambaa, ambazo nyingi hazikutaja zilikotolewa, hazikuwa na njia ya kulipokea. Mnakili aliyeacha jina la mtungaji aliona ameacha kitu kidogo. Kumbe aliacha anwani ambayo masahihisho yangepitia.

Ngeli na nafasi tupu

Mpaka hapa ingeweza kusemwa kwamba sherehe ni jambo la hekima tu, na kwamba mwenye akili nyingi atafanya kazi bila ya hiyo. Kuna mahali ambapo haiwezekani kabisa, napo ni pale msimbo unapokutana na Kiswahili.

Programu huzungumza na mwenye kuitumia kwa sentensi fupi: faili imefutwa, ukurasa haukupatikana, andika jina lako. Ili programu moja itumike kwa lugha nyingi, sentensi hizo hutolewa ndani ya msimbo na kuwekwa katika orodha yake, mfasiri akajaza tafsiri mbele ya kila moja. Utaratibu ulioenea sana ni uitwao gettext, wa miaka ya 1990. Katika orodha zake zimetengwa sehemu maalumu za sherehe: sehemu ambayo mtunga programu humwandikia mfasiri, na sehemu ambayo mfasiri hujiandikia mwenyewe au huwaandikia watakaomfuata. Ni kwa kazi ya namna hiyo, ya kufasiri orodha za sentensi, ndipo mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa mwaka 2004 toleo la Kiswahili la programu za ofisi, Jambo OpenOffice.

Mfasiri apewaye orodha hupata sentensi iliyong'olewa mahali pake. Achukuliwe mwenye kukuta neno moja la Kiingereza, "open", bila sherehe. Ni amri, yaani fungua? Au ni hali? Ikiwa ni hali, ni ya nini: dirisha liko wazi, faili iko wazi, kitabu kiko wazi? Kiingereza kimeitumia herufi ile ile kwa yote, na mtunga programu, kwa kubana matumizi, ameandika neno mara moja na kuliita kutoka mahali patano. Kwake huo ni ustadi, ule ule wa kabati la Cambridge. Kwa Kiswahili ni mtego.

Mfano mgumu zaidi ni wa sentensi yenye nafasi tupu, ambayo mashine huijaza wakati wa kazi: kitu fulani "hakikupatikana". Mtunga programu huandika sentensi moja na nafasi moja mbele, akijua kwamba itajazwa mara kwa jina la faili, mara kwa ukurasa, mara kwa neno, mara kwa mtu. Kiingereza hakibadiliki hata kidogo. Kiswahili hudai upatanisho: faili haikupatikana, ukurasa haukupatikana, neno halikupatikana, kitabu hakikupatikana, mtu hakupatikana. Hata neno faili lenyewe lina ugomvi, kwa kuwa wengine huliweka katika ngeli ya i-zi na wengine katika li-ya. Mfasiri asiyeambiwa nafasi itajazwa na nini hawezi kuchagua kiambishi. Na akichagua kwa kubahatisha, mwenye kutumia programu atasoma Kiswahili kibovu, kisha atasema kwamba lugha yake haifai kwa mashine. Lawama hiyo hubebeshwa lugha, hali kosa ni la sherehe ambayo haikuandikwa.

Haki isemwe, pako mahali ambapo mambo hugeuka. Programu za Kiingereza husumbuka kuchagua baina ya nafsi ya mwanamume na ya mwanamke, na watunga programu hujaza msimbo kwa masharti ya kuliepuka tatizo hilo. Kiambishi a- hakina taabu hiyo.

Tangu toleo la gettext la mwaka 2006 mtunga programu amewezeshwa kutenganisha matumizi mawili ya neno moja kwa kuyapa muktadha, hivyo "open" ya amri na "open" ya hali zaweza kuwa mistari miwili katika orodha. Hilo limesaidia, lakini muktadha huandikwa na yule aonaye kwamba pana tofauti, na mtu ambaye lugha yake haina ngeli hana sababu ya kuiona. Sherehe ifaayo kwa Kiswahili ingelazimika kutaja vitu vyote viwezavyo kuingia katika nafasi. Hakuna chombo kiwezacho kuikisia.

Wafasiri wenye uzoefu wamepata hila. Mojawapo ni kuitumia ngeli ya mahali. "Hakuna", kwa kuwa hupatana na ku- wala si na kile kitajwacho, hukubali nafasi ijazwe na chochote: hakuna faili, hakuna ukurasa, hakuna mtu. Sarufi inasalimika. Maana ndiyo yenye kasoro, kwa sababu kutopatikana si sawa na kutokuwapo. Faili isiyopatikana huenda ipo katika kabrasha jingine; kuhusu faili isiyokuwapo, mwenyewe atakata tamaa na kuanza upya kazi ya siku nzima. Hila nyingine ni "hakukupatikana", ambayo huhifadhi yote mawili, upatanisho wa mahali na maana ya kutafuta, ingawa masikioni mwa wengi ni nzito kwa sentensi ya kwenye kioo cha simu. Ni ipi kati ya hizo ifaayo hutegemea kile ambacho programu imefanya hasa kabla ya kutoa sentensi hiyo: imetafuta mahali pamoja, au imetafuta kote? Jibu limo katika msimbo, mistari michache juu ya sentensi yenyewe, ambapo mfasiri aghalabu hafiki.